Mkebe wa sarafu 15 za Kibokoni: kwa nini moja haikufaa kupimwa na zingine

Kisa hiki ni cha familia moja ya Kibokoni, hapa hapa Mji wa Kale, Mombasa. Walikuwa na mkebe wa biskuti wenye sarafu 15 za marehemu babu yao, wakazibeba zote kwa sonara, sonara akazimwaga kwenye mizani kwa mpigo mmoja akasema gramu 145, kila gramu shilingi 60, basi nawapa 8,700. Nyumba ikagawanyika hapo hapo. Kijana akashikilia wanaibiwa, mamake akasema uza tu mambo yaishe, na shangazi naye alikuwa na voice ya WhatsApp ya mtu anaapa kuwa sarafu yoyote yenye mwaka 1780 inauzwa mamilioni. Wakaniletea mimi mkebe kwa vile wanajua hizi ndizo shughuli zangu.

Naandika yote kwa urefu maana kesi kama hii nakutana nayo kila mara na karibu kila mara watu hubishana juu ya kitu ambacho sio chenyewe. Wanabishana umri. Ya 1780 ni kubwa kuliko ya 1888 kwa hivyo ndio mali, ya 1888 ni kubwa kuliko ya 1924, na kadhalika. Umri peke yake haununui kitu. Kuna sarafu za shaba za Warumi zina miaka elfu moja mia sita na zaidi na bado unazipata kwa bei ya chakula cha mchana, kwa sababu zilitengenezwa nyingi mno na zinachimbuliwa mpaka leo.

Ndani ya mkebe kulikuwa na hivi: reale moja kubwa ya Maria Theresa iliyochomelewa kishikio cha kutilia mkufu, rupia moja ya India ya 1904 yenye kichwa cha mfalme Edward wa saba, rupia moja ya ile kampuni ya Waingereza ya 1888, alafu shilingi 12 za Afrika Mashariki zile za simba.

Nianze na sonara kwa sababu yeye ndiye aliyetukanwa zaidi. Nilipiga hesabu yake upya, na kwa mfano tu tuchukue gramu moja ya fedha safi ni shilingi 150, bei inapanda na kushuka kila siku kwa hivyo wewe weka ya siku yako. Reale ina uzito wa gramu 28 na kidogo lakini sio fedha tupu, fedha ni sehemu 833 kwa elfu, zilizobaki ni shaba, kwa hivyo fedha yenyewe ni kama gramu 23.4, hapo ni shilingi 3,500. Rupia, ya India na ya kampuni, zote zilitengenezwa kwa kipimo kimoja, gramu 11.66 na fedha 917 kwa elfu, ukitoa kulika kidogo kila moja ina fedha kama gramu 10.65, mbili kwa pamoja 3,200. Shilingi za simba ndizo huwadanganya watu kwa sababu ni nzito mkononi, gramu 7.78, lakini fedha ni robo tu, yaani kila moja haifiki hata gramu mbili za fedha. Alafu tena kati ya zile 12, moja ilikuwa ya 1948 na nyengine ya 1950, na kuanzia 1948 shilingi hizo hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Kwa hivyo zenye fedha ni kumi, kama 2,900.

Jumlisha, unapata 9,600 hivi. Sonara alitoa 8,700. Huyo bwana hakuwaibia. Ana kuyeyusha, ana moto wa kulipia, ana faida yake, na kwa mtu anayenunua chuma chakavu cha fedha ile ilikuwa bei ya haki kabisa, wengine hapa mjini wangetoa nusu yake. Nilimwambia kijana wazi, ukirudi kule umuamkie vizuri.

Tatizo ni kwamba mizani inajibu swali moja tu, fedha ni kiasi gani. Na swali hilo lilitosha kwa sarafu 13 kati ya zile 15, kwa moja lilitosha nusu, na kwa moja halikuwa hata swali lenyewe.

Reale kwanza, kwa sababu ya ile voice ya shangazi. Maria Theresa wa Austria alikufa Novemba 1780. Biashara ya Bahari ya Shamu na pwani yetu ilikuwa imeshamzoea yeye na sura yake, wafanyabiashara wakikataa sarafu nyengine, kwa hivyo viwanda vikaendelea kuigonga ile ile na mwaka ule ule, 1780, miaka nenda miaka rudi. Vienna wamegonga, Roma wamegonga miaka ya 1930, London, Birmingham, Bombay wote wamegonga, na Vienna mpaka leo ukitaka mpya unauziwa. Zote zimeandikwa 1780. Sasa mtu akikwambia hii ina mwaka 1780 hajakwambia kitu chochote kuhusu umri wake. Kuna wataalamu wanaotofautisha za zamani na za juzi kwa vitu vidogo vidogo, manyoya ya mkia wa tai, lulu za bruchi aliyovaa begani, maandishi ya ukingoni, na ile ya zamani kweli kweli ina wanunuzi wake, lakini hizo ni chache na hii ya Kibokoni haikuwa hiyo.

Alafu kishikio. Sarafu iliyochomelewa, kwa mkusanyaji ni sarafu iliyoumia, na hata ukiking'oa kovu linabaki, tena unakuwa umeharibu mara mbili. Lakini msikimbilie kusema haina maana. Zamani pwani nzima mpaka Yemen na Uhabeshi reale zilivaliwa, na kuna watu wanaotafuta mapambo ya fedha ya zamani, mkufu wenye reale yake na kishikio chake cha mkono wa sonara wa zamani, hao hawajali kovu maana kwao lile ndilo pambo. Kwa hivyo hii ndio ile niliyosema mizani imejibu nusu. Thamani yake ni fedha iliyomo na juu yake kitu kidogo kwa anayependa kuivaa. Mamilioni hakuna. Shangazi hakufurahi lakini alielewa.

Rupia ya India ya 1904 sina mengi. Hizi ziligongwa kwa mamilioni na hapa Mombasa ndizo zilizokuwa pesa, reli ilipoanza kujengwa Kilindini 1896 mishahara ilikuwa ya rupia, na hali ilikuwa hivyo mpaka 1920 rupia zilipoondolewa. Kwa hivyo nyumba nyingi za hapa zina moja au mbili. Imelika, shavu la mfalme limekuwa laini na sikio halionekani vizuri. Bei yake ni fedha yake.

Shilingi za simba vilevile, zilizotumika hivi bei ni fedha yake. Ningeona moja ambayo haijawahi kutumika, manyoya ya simba yote yanaonekana na bado ina ule mwanga wa kiwandani, ningeiweka kando, maana mamilioni yaligongwa lakini yote yalienda sokoni yakasuguana mifukoni na zilizobaki safi ni kidogo. Hizi zilikuwa zimefanya kazi yake. Kuna herufi ndogo pia za kuangalia, I kwa zile za Bombay na SA za Pretoria wakati wa vita vya pili, watu wengine wanataka kila moja, lakini kwa hali ile haikuongeza kitu.

Sasa ile ya 1888.

Kampuni ya Imperial British East Africa, ile ya kina William Mackinnon, ilipewa hati na malkia Septemba 1888, makao yake yakiwa hapa kisiwani. Wakaamua kutoa pesa zao. Pesa ndogo za shaba zikagongwa Calcutta, na za fedha zikagongwa kwenye kiwanda cha Heaton, Birmingham, ndio unaona herufi H ndogo. Upande mmoja jua lenye taji juu yake na maneno ya kampuni kuhusu mwanga na uhuru, upande wa pili mizani. Vipande vyake vidogo, nusu rupia, robo rupia na kile cha ana mbili (ana kumi na sita ndizo rupia moja), vikafuata na vilipofika 1890 basi. Kampuni yenyewe ilikuwa hoi kifedha, 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nchi ikawa himaya, na rupia ya India ikaendelea kutawala kama vile hakuna kilichotokea. Kwa hivyo ni sarafu ya mwaka mmoja, ya kampuni iliyoishi miaka michache, iliyotolewa kidogo kwa kulinganisha na mamilioni ya rupia za India zilizokuwa zikizunguka pamoja nayo.

Lakini uchache nao peke yake hautoshi, na hapa ndipo nataka watu wasikilize. Ninavyo vitu vichache sana ambavyo hakuna anayevitaka, na havina bei. Rupia hii inatakiwa na watu wa aina nne kwa wakati mmoja. Wapo wanaokusanya rupia zote za dunia, wengi wao Wahindi, na kwao hii ni pengo la kuziba. Wapo wanaokusanya sarafu za makoloni ya Waingereza. Wapo wa Afrika. Na tupo sisi, watu wa Mombasa na Wakenya kwa jumla, ambao tunaona hii ndio sarafu ya fedha ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya hapa kwetu, na idadi yetu inaongezeka. Watu wanne wakikitaka kitu kimoja bei haiwezi kukaa kwenye fedha iliyomo. Hata ikiwa imetumika vizuri tu, rupia hii huuzwa mara kadhaa ya fedha yake, na ikiwa haijaguswa inapanda mara nyingi zaidi ya hapo. Sonara aliipigia kama 700, kwa gramu zake.

Sasa ubaya. Mjukuu wa nyumba, kwa nia nzuri kabisa, kabla hawajaenda kwa sonara alikuwa ameanza kuzisafisha kwa jivu na ndimu, na aliyoanza nayo ndiyo hii. Alimaliza upande mmoja nyanyake akamwita kula. Kwa hivyo nilikuwa nimeshika mkononi somo zima kwenye sarafu moja. Upande wa mizani ulikuwa na weusi wa kijivu kama wa buluu, uliokolea kuzunguka herufi na kugeuka hudhurungi karibu na ukingo, maandishi yamesimama, sahani za mizani zimelika kidogo tu pale juu palipoinuka. Upande wa jua unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Nikazima taa nikamulika tochi ya simu kutoka ubavuni, na kioo cha kukuzia, mistari ikatokea, mamia, myembamba, yote inapinda kwenda upande mmoja kufuata kidole gumba cha yule mtoto, inapanda juu ya miale ya jua inashuka uwanjani inapita juu ya herufi.

Hapo ndio unavyojua. Kulika kwa matumizi kunagusa palipoinuka tu, bonde linabaki salama. Kusugua kunaingia mpaka bondeni. Jivu lina chembe za mchanga na fedha ni laini, ndimu nayo inakula ile ngozi nyeusi iliyochukua miaka mia kujitengeneza, na ile ngozi mnunuzi anaitaka kwa sababu ndio ushahidi kwamba uso haujaguswa tangu kiwandani. Kila daraja la hali linapimwa kutoka kwenye uso huo. Sarafu ikishasuguliwa hairudi tena, na wapimaji wakubwa wa sarafu huandika kabisa kwamba imesafishwa na bei inakatwa, mara nyingi nusu, saa nyengine zaidi.

Jamani msisafishe. Sio jivu, sio ukwaju, sio dawa ya meno, sio ile dawa ya kung'arisha shaba. Ikiwa na vumbi ichovye kwenye maji safi uikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa laini, bila kusugua, basi. Kama ni nyeusi wacha iwe nyeusi.

Kabla ya kuzungumza bei ilibidi tujue ni ya kweli, maana nakala zipo na saa hii zinatengenezwa vizuri. Sonara alitaka kuisugua kwenye jiwe aweke asidi, nashukuru mama alikataa, kwa sababu ile ni alama nyengine ya milele. Nilifanya hivi, na mtu yeyote mwenye mizani ndogo ya kidijitali anaweza. Uzito kwanza, ikawa gramu 11.61, inakubalika kwa iliyotumika. Sumaku haikuivuta. Alafu maji: weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, funga sarafu kwa uzi uizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, soma namba. Ilisoma 1.12. Gawanya 11.61 kwa 1.12 unapata kama 10.4, na fedha ya 917 inatakiwa kuwa hapo hapo 10.3, mizani ya nyumbani ina makosa yake kidogo. Ingekuwa shaba na nikeli ingesoma kama 1.30 na jibu lingekuwa chini ya 9. Mwisho meno ya ukingoni, yako sawa mzunguko mzima, hakuna mstari wa kuunganisha katikati kama zile za kumiminwa kwenye kalibu.

Kijana tayari alikuwa ameshaingia mtandaoni akaona moja imewekwa kwa bei kubwa sana akaniambia si unaona. Nilimwambia mwanangu, hiyo ni bei anayoiota muuzaji. Mtu anaweza kuandika namba yoyote anayotaka ikakaa hapo miaka miwili. Tafuta zilizokwisha uzwa, matokeo ya minada, yenye picha, alafu linganisha picha na yako upande kwa upande, na iliyosafishwa ulinganishe na iliyosafishwa, usijipe daraja ambalo huna. Tukakaa naye tukafanya hivyo, na kila tulipoona picha ya safi bei ikiwa juu alikuwa anamtazama mdogo wake. Nikamwambia awache, mtoto hakujua.

Na lipo jambo lingine ambalo wauzaji wa hapa hawalitaji kabisa. Alitaka kuituma kwa posta kwa mtu wa Uingereza aliyempata huko mtandaoni. Kenya tuna sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, na inahesabu kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, na cha kale hakitoki nchini bila kibali. Sarafu imeandikwa 1888 usoni kwake, huwezi kujitetea kwamba hukujua. Ofisi za makumbusho ziko Ngome, yaani Fort Jesus, kutoka kwao ni mwendo wa miguu. Nenda na sarafu yako na maelezo imetoka wapi uulize, kuuza na kusafirisha, usikie kutoka kwao wenyewe. Hii nayo ni sehemu ya bei. Mnunuzi makini wa nje anataka karatasi, na kitu chenye karatasi na historia ya nyumba kinauzika kwa watu wazuri, kisicho na karatasi kinaishia kwa wale wanaonunua gizani kwa bei ya gizani.

Kwa hivyo niliiandika hesabu kwenye karatasi moja nikampa mama. Shilingi kumi za fedha na rupia ya 1904, rudini kwa sonara yule yule, zipimwe kwa makundi, zenye robo peke yake na ya 917 peke yake, kwa sababu ukichanganya fedha za viwango tofauti mnunuzi atalipa kwa kiwango cha chini, na ana haki ya kufanya hivyo. Zile mbili za 1948 na 1950 wachezee watoto. Ile rupia ya 1888 itoke kabisa kwenye mazungumzo ya gramu. Imesuguliwa upande mmoja, bei yake si ya safi na tusidanganyane, lakini bado upande mmoja ni mzuri, ni ya kweli, na kwa zile tulizoziona zimeuzwa katika hali kama yake ilikuwa bado inazidi mara mbili ya fedha iliyomo kwa urahisi.

Mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, niuze au niwache?"

Nilimwambia shilingi na ile ya 1904 zinafuata bei ya fedha ya dunia, ikiwa juu uza, ikiwa chini subiri. Ya 1888 haifuati hiyo sana, inafuata wanaoitaka, na hao hawaishi mwaka huu. Cha kuchunga ni joto na unyevu na chumvi ya hapa kwetu. Aitoe kwenye ile pakiti laini ya plastiki aliyoitia, maana ile plastiki kwenye joto inatoa jasho la kijani linalokula sarafu, aitie kwenye bahasha ndogo ya karatasi isiyo na asidi au kava gumu la sarafu, ashike ukingoni tu kila akiitoa, na aiweke mbali na jikoni.

Reale hakutaka hata tuizungumze. Ilikuwa ya mamake na itavaliwa harusini kwa bintiye mwezi wa kumi na mbili. Shilingi kumi na rupia ya India zimeshauzwa, na sonara alipoona zimetengwa kwa viwango aliongeza bei ya gramu mwenyewe bila kuombwa. Kijana amepanga kwenda Ngome wiki hii na ile ya 1888, na ameshapiga picha pande zote mbili, wa weusi na wa kusuguliwa, nimemwambia akipata mnunuzi aanze na ule uliosuguliwa.